Altezza yapendwa na wengi, mnunuzi haonekani

WAFANYABIASHARA wa magari wa Mbeya na Iringa wanaofikiria kuagiza Toyota Altezza kutoka Japani kwa matumaini ya kuuza upesi wanashauriwa kupiga hesabu upya. Gari hilo lina wapenzi wengi kuliko wanunuzi, na gharama ya kulifikisha nchini inakaribia kumeza faida yote.

Wiki hii safu hii inaliangalia gari hilo kwa sababu ndilo gari la spoti lililo karibu na mfuko wa kijana wa Kitanzania. Supra wengi wetu tunaiona kwenye picha. Altezza utaikuta Mwanjelwa au Miyomboni, imeshushwa chini, rimu zinang'aa, na muziki wake unausikia kabla hujaliona gari lenyewe.

Toyota ilianza kuiuza Altezza mwaka 1998 na ikapata tuzo ya Gari la Mwaka la Japani kwa msimu wa 1998 hadi 1999. Nje ya Japani iliuzwa kwa jina la Lexus IS. Uzalishaji wa Altezza ulikoma mwaka 2005. Mfanyabiashara aanzie hapo: bidhaa hii haitengenezwi tena, na iliyo changa kuliko zote imeshapita miaka 20 au inakaribia.

Kwa kawaida bidhaa inayopungua hupanda bei, na kweli Japani bei imeanza kuchangamka. Sheria ya Marekani inaruhusu kuingiza gari la kigeni ambalo halikuuzwa huko likishafikisha miaka 25, na Altezza za kwanza zilifikisha umri huo mwaka 2023. Tangu hapo Mtanzania anayeingia mnadani Japani anashindana na Mmarekani mwenye dola, hasa kwa RS200 yenye gia sita za kubadili kwa mkono. Ni mashindano ambayo sisi wa shilingi hatuyawezi.

Ukishashinda mnada, kuna bandari. Kwa viwango ambavyo vimekuwa vikitumika miaka ya karibuni, gari la abiria hutozwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya sisi 1,000 hadi 2,000, na VAT asilimia 18. Lililozidi miaka 10 huongezewa asilimia 30 ya uchakavu. Altezza zote sasa ziko kwenye kundi hilo.

Tuchukue mfano wa gari ambalo TRA imelithamini kwa Sh. 100. Ushuru wa forodha ni Sh. 25, jumla 125. Ushuru wa bidhaa ni Sh. 6.25 na uchakavu Sh. 37.50, jumla 168.75. VAT ya kiasi hicho ni Sh. 30.38. Kodi zote zinafika Sh. 99 na senti kidogo, kabla ya ada za reli, forodha, usajili na wakala wa kugomboa. Kwa maneno mengine, unanunua gari mara mbili. Na ikumbukwe kuwa TRA hutumia thamani iliyo kwenye mfumo wake wa magari yaliyotumika, kwa hiyo risiti ya bei nafuu kutoka Japani haikusaidii sana.

Wapo wanaosema likikwama hapa litauzwa nchi jirani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Uganda tangu mwaka 2018 inakataa yaliyozidi miaka 15. Milango hiyo miwili imefungwa.

Sasa tuje kwa mteja wa nyumbani. Uchumi wa Nyanda za Juu Kusini unasukumwa na viazi vya Uyole, mchele wa Mbarali na Kyela, chai ya Rungwe na Mufindi, mbao za Mafinga na maparachichi. Mtu aliyeuza mavuno vizuri hutafuta Canter, Noah au Probox, gari litakalomrudishia fedha msimu ujao. Altezza hainunuliwi kwa hesabu hiyo. Hununuliwa na kijana mwenye mshahara au biashara ya mjini ambaye hana watoto wengi wa kubeba, na vijana wa namna hiyo si wengi kiasi cha kujaza yadi.

Barabara nayo ina maoni yake. Tumbo la Altezza liko chini, na ukiiacha lami ya TANZAM kuelekea vijijini wakati wa masika utalisikia likikwaruza. Kwenye lami yenyewe mwendo wa vijijini ni kilomita 50 kwa saa, askari wa tochi hachoki, na kila kosa ni Sh. 30,000. Sijui mwenye farasi 210 anazitumia wapi kati ya Ipogolo na Uyole.

Hata hao farasi hawafiki wote. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Iringa unazidi mita 1,500, hivyo Altezza ya farasi 160 hubakiwa na kama 130 hivi. Subaru Impreza yenye turbo haipungukiwi kiasi hicho, na husukuma magurudumu yote manne. Kijana anayependa mbio za kweli huku milimani huijua tofauti hiyo, na Altezza hupoteza mteja mwingine.

Je, hakuna faida kabisa? Ipo, lakini si bandarini. Soko letu huuliza namba kabla ya kuuliza injini: namba D hupata bei, namba B na C hudharauliwa. Kwa Altezza dharau hiyo ni nafasi, maana umri wa gari ni ule ule, kodi ilishalipwa zamani, na kilichotofautiana ni tarehe ya usajili tu. Namba C iliyotunzwa, isiyokatwa springi wala kubadilishwa waya, ni ununuzi bora kuliko kuagiza. Ichukuliwe moja, iuzwe, ndipo itafutwe ya pili. Anayekopa Sh. milioni 20 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, gari likilala miezi sita, amekwishapoteza Sh. milioni 1.8.

Mwenye mtaji mdogo aangalie spea. Altezza ya silinda sita hutumia injini ya 1G-FE, ambayo imo pia kwenye Mark II GX110, kwa hiyo vifaa vya injini hupatikana na mafundi wanaijua. Taa, bampa na milango ndivyo huadimika. Altezza iliyogongwa nyuma tu, ikinunuliwa na kufunguliwa kifaa kimoja kimoja, inaweza kurudisha fedha haraka kuliko nzima.

Tahadhari mbili. Magari ya IT yanayopita Mbeya kwenda Tunduma yako chini ya dhamana ya forodha. Anayekuletea mojawapo usiku kwa bei ya kutupa anakuuzia kesi.

La pili ni nembo. Nembo ya RS200 hubandikwa nyuma na yeyote mwenye gundi, kwa hiyo usome namba ya chasi. Inayoanza na SXE10 ndiyo yenye injini ya silinda nne, ambayo kwa gia za mkono hutoa farasi 210 na hutaka petroli ya oktani kubwa. Ikianza na GXE10 ni silinda sita, na bei yake iwe ya silinda sita.