Lugha ya Bao na Michezo ya Kuteka Anga: Tatizo la Istilahi na Mfano wa Isiolo

Makala hii inakusudia kueleza jinsi mchezo wa tarakilishi wa kuteka anga kwa zamu unavyoweza kufundishwa na kujadiliwa kwa Kiswahili, na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya msamiati unaohitajika imekwisha kuwako, tena imepevuka, katika lugha ya wachezaji wa bao. Mji wa Isiolo umechukuliwa kuwa mfano kwa makusudi. Hapo hukutana Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, na Kiswahili kwa walio wengi si lugha ya mama bali ni lugha ya kukutania. Istilahi iliyozaliwa pwani ikiweza kusimama Isiolo, huenda ikasimama popote. Ikishindwa huko, hapana haja ya kuipigia debe.

Kwanza yafaa mchezo wenyewe ufahamike, maana wako wasomi wengi ambao hawajapata kuuona. Mfano unaojulikana zaidi ni Master of Orion, uliotungwa na Steve Barcia na wenzake wa Simtex na kutolewa na kampuni ya MicroProse mwaka 1993. Mchezaji huanza akiwa na sayari moja tu, ndiyo kwao, pamoja na meli chache. Mbele yake pana nyota nyingi asizozijua, na baadhi yake zina wenyewe. Kila zamu huamua meli ziende wapi, na pato la kila sayari ligawanywe vipi baina ya mambo matano: ujenzi wa meli, ulinzi, viwanda, usafi wa mazingira na utafiti. Akisha kuamua, huikamilisha zamu, na wapinzani wake nao hutenda yao. Hakuna haraka ya mkono wala ya jicho. Kinachopimwa ni hesabu na subira. Ushindi hupatikana kwa kuwashinda wote kwa silaha, au kwa kupata thuluthi mbili za kura katika baraza kuu la mataifa ya anga.

Mwanafunzi wa mchezo huu hujulikana upesi. Hukimbilia kuunda manowari nyingi zamu za mwanzo, kisha hushangaa kuona jirani aliyeanza polepole amempita kwa kila kitu. Fundi hufanya kinyume. Hutuma wapelelezi mapema ili ajue sayari ipi inakalika na ipi ni jangwa. Hujaza viwanda nyumbani kabla ya kufikiri vita. Huweka fedha za usafi kiasi cha kuondoa uchafu wa viwanda tu, pasipo kuzidisha, kwa maana uchafu ukiachwa huipunguzia sayari uwezo wa kulisha watu, na usafi uliopita kiasi ni mali iliyomwagwa. Tena meli zake haziwezi kwenda zitakako. Zina masafa yao, yanayopimwa kutoka kwenye makazi yaliyo karibu, hata ikawa makazi madogo yasiyo na faida yoyote ya uchumi huwa na thamani kubwa kwa kuwa yanaifungua njia ya mbele.

Mwaka huohuo wa 1993 mwandishi wa Kimarekani Alan Emrich aliifupisha aina hii ya michezo kwa vitenzi vinne, ambavyo kwa Kiswahili vingekuwa kupeleleza, kujitanua, kuchuma na kuangamiza. Ufupisho huo umeenea duniani kote. Hata hivyo kitenzi cha nne hakiuelezi mchezo sawasawa. Katika Master of Orion sayari inayotekwa haitoweki. Huhesabiwa upande wa mtekaji pamoja na viwanda vyake, na katika viwanda hivyo mtekaji aweza kupata ufundi ambao watafiti wake hawakuwa nao. Kuangamiza ni jambo lingine kabisa. Hapa ndipo mwenye kuujua mchezo wa bao anapoanza kutabasamu.

Katika sataranji kinacholiwa huondolewa ubaoni. Katika bao la Kiswahili kete ni 64 tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna hata moja itokayo. Kinacholiwa hubadili mwenyewe. Mchezaji aliyekula huzichukua kete za mpinzani na kuzitembeza katika mashimo yake, na kete ya mwisho ikiangukia penye kete, mkabala na shimo la mpinzani lisilo tupu, hula tena. Mkabala pakiwa patupu, huzizoa zote zilizo hapo na kuendelea. Ikiangukia katika shimo tupu, amelala. Kitenzi kula, basi, kina maana ya ndani inayofaa kabisa kwa kutekwa kwa sayari: mali ya yule imekuwa nguvu ya huyu. Kusema "ameila sayari" ni kusema kweli zaidi kuliko kusema ameiangamiza.

Ulinganifu hauishii hapo. Bao lina mashimo 32, safu nne za manane, kila mchezaji akimiliki safu mbili. Mchezo unapoanza, kila mmoja ana kete 6 katika nyumba, ambayo ni shimo la nne kutoka kulia katika safu ya mbele, na kete mbili mbili katika mashimo mawili yanayoifuata upande wa kulia. Zilizobaki, yaani 22, ziko mkononi. Muda wote ambao mkono una kete, mchezo uko katika namua: kila zamu huingizwa kete moja. Kete za mkononi zikisha, huanza mtaji, ambapo huchezwa kwa kilichomo ubaoni tu. Tofauti hii ya vipindi viwili ndiyo hasa inayowasumbua wanaojaribu kueleza mchezo wa anga kwa Kiswahili cha vitabuni. Kuna kipindi ambacho nafasi bado ipo, nyota hazijapata wenyewe, na kila zamu huongeza kitu kipya; kisha huja kipindi ambacho hakuna tena pa kulowea, na kila atakachopata mtu ni lazima akitoe kwa mwenzake. Namua na mtaji yanatosha. Mtaji tena ni neno lenye bahati, kwa kuwa mfanyabiashara yeyote wa Isiolo analifahamu kwa maana ya mali ya kuanzia biashara, na maana hizo mbili hazigombani.

Nyumba nayo si shimo kama mashimo mengine. Ikiwa na kete sita au zaidi ina hadhi yake; kete ya mwisho ya mlaji ikiifikia, mwenyewe aweza kuchagua kuilaza au kuisafirisha. Ikisha kusafiri, au ikiliwa, hadhi imekwisha, na hairudi. Mchezaji wa anga hukabiliwa na uamuzi wa namna hiyo anapofikiri kuwatoa watu wa sayari ya kwao na kuwapakia melini waende kuteka ng'ambo: faida yaweza kuwa kubwa, lakini aliyoiacha nyuma haiko tena kama ilivyokuwa. Ama zamu isiyo na kula, wachezaji wa bao huiita kutakata. Ni zamu ya kujipanga, na fundi hupimwa kwa takata zake kuliko kwa mitaji yake. (Kwa sadfa ya kupendeza, usafi wa mazingira katika mchezo wa anga nao ni kutakasa. Mwalimu awe mwangalifu hapo asiwachanganye wanafunzi.) Vichwa na kimbi, yaani mashimo ya pembeni na yanayoyafuatia, ambapo kula humlazimisha mlaji kuanzia upande fulani badala ya kuchagua, yanafaa kwa sayari za mipakani zinazomfunga mtekaji njia.

Kwamba ujuzi huu ni wa kina hapana shaka tena. Mtaalamu wa Kiholanzi Alex de Voogt aliwachunguza mafundi wa bao wa Zanzibar na kutoa tasnifu yake juu ya umahiri wao huko Leiden mwaka 1995. Jambo la kusikitisha ni kwamba wanasaikolojia wameutazama ubao huo kwa makini kuliko watunzi wetu wa istilahi. Mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa programu ya ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004, ulihitaji maneno ya faili na barua, na hiyo ilikuwa haki yake. Maneno ya mchezo yalibaki nje, kama kwamba mchezo si kazi ya lugha.

Hoja inayoweza kutolewa dhidi ya haya ni nzito. Namua na kimbi ni maneno ya Unguja, Mombasa na Lamu. Kijana Mborana au Mturkana atayapata wapi? Jibu ni kwamba neno hatalikuta, lakini mchezo wenyewe, au ndugu yake, anao. Wasamburu wana ntotoi, Wamaasai wana enkeshui, Wameru wana kiothi, Waoromo wana sadeqa. Kanuni zatofautiana, idadi ya safu nayo yatofautiana, lakini msingi wa kupanda mbegu mashimoni na kuzitwaa za mwenzako ni mmoja. Miongoni mwa wafugaji kete hutajwa kuwa ng'ombe. Basi dhana ya kuliwa kunakomwongezea mwingine kundi haihitaji kufundishwa Isiolo. Pengine ingehitaji kufundishwa London.

Zaidi ya hayo, Isiolo yenyewe ina cha kutoa. Waborana hutenganisha mifugo ya nyumbani, warra, na ile inayopelekwa mbali na vijana kutafuta malisho, fora. Kundi la fora haliendi litakako; hufika pale tu ambapo umbali kutoka majini unaliruhusu. Wazee wa dedha husimamia malisho na maji, wakiyatenga ya masika na ya kiangazi, na mengine yakiwekwa kuwa akiba ya ukame. Atakayemweleza mchezaji wa Isiolo kwa nini makazi madogo yasiyo na faida yana thamani, na kwa nini meli isipite masafa yake, hana haja ya kuanza na petroli ya anga. Aanze na kisima. Kwa kuwa desturi ya watunga istilahi ni kutafuta neno kwanza katika Kiswahili, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika kabla ya kwenda ng'ambo, fora ina haki ya kufikiriwa kwa maana ya makazi ya mbali yanayotegemea nyumbani. Kikwazo ni kwamba Kiswahili kina fora tayari, katika kutia fora, yaani kushinda kwa namna ya kusifika. Maneno mawili ya sauti moja katika mchezo mmoja, moja la makazi na jingine la ushindi, yataleta utani mwingi na utata kidogo. Warra haina kikwazo hicho, ila nyumba imekwisha kuikalia nafasi yake.

Neno linalostahili kuangaliwa kwa makini kuliko yote ni lile la makazi mapya. Kiingereza cha mchezo huliita kwa jina ambalo kwetu limekuwa koloni, na mchezaji Mkenya huambiwa zamu ya kwanza apeleke meli ya kuanzisha koloni. Nchi hii ilikuwa koloni tangu 1920 hadi 1963. Wako watakaosema mchezo ni mchezo, na neno halina kosa. Hata hivyo kitenzi kulowea, yaani kuhamia ugenini na kukaa moja kwa moja, ni cha zamani na hakina lawama, ingawa nomino yake, mlowezi, nayo imebeba mashamba ya nyanda za juu mgongoni. Pendekezo lililo salama ni kutumia kulowea kwa sayari isiyo na mtu, na kula kwa sayari yenye wenyewe. Tofauti hiyo Kiingereza cha mchezo huificha mara nyingi, na Kiswahili hakina sababu ya kuificha.

Upande wa nyota hauna taabu kubwa. Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtarii na Zohali yamekuwa ya Kiswahili kwa muda mrefu kupitia Kiarabu, na Kilimia limetokana na kulima. Waborana, ambao kalenda yao ya nyota ilielezwa na Asmarom Legesse katika kitabu chake cha Gada mwaka 1973, huita Kilimia Busan, na sehemu ya katikati ya kundi la Orion huiita Arb Gaddu. Hivyo kijana wa Isiolo anayefungua mchezo wenye jina la Orion anafungua jina ambalo ayyaantu, wajuzi wa siku na nyota, wamelitumia kuhesabia miezi.

Yamebaki mambo ambayo bao haliwezi kuyasaidia. Ubao huonyesha kila kitu, anga huficha. Mchezaji wa bao hapelelezi, hana balozi, wala hana mapatano ya kuvunja. Kwa upelelezi maneno ya kawaida yatosha. Kwa mapatano, lugha ya vikao vya amani vya kaskazini, vile vilivyozaa Azimio la Modogashe mwaka 2001 juu ya malisho, maji na wizi wa mifugo, ina msamiati wa kutosha wa masharti na fidia, nao unangoja mtu wa kuukusanya kutoka vinywani mwa wazee waliokaa katika vikao hivyo, kabla hawajapungua zaidi.