Lubumbashi: Jino likiacha kuuma si kwamba limepona

Maumivu yanaanza usiku. Asubuhi mtu anapita kwenye farmasi ya karibu, ananunua vidonge vichache vya antibiotiki pasipo karatasi ya munganga, na baada ya siku chache anatulia. Anadhani amepona. Miezi inapita, kisha siku moja anaamka shavu limevimba.

Wakaaji wengi wa Lubumbashi, kuanzia Kenya na Katuba hadi Ruashi, wanaijua hadithi hii. Wengi wanajua pia mwisho wake: jino linang'olewa. Lakini kuna njia nyingine, matibabu ya mzizi wa jino, ambayo waganga wetu wanaita kwa Kifaransa « dévitalisation ».

Nini kinatokea ndani ya jino?

Chini ya ganda gumu la jino kuna nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, inayoshuka hadi kwenye ncha za mizizi. Vijidudu vya kinywani vinakula sukari na kutoa asidi inayotoboa jino. Tundu likifika kwenye nyama hiyo, inavimba. Kwa kuwa imefungiwa ndani ya kuta ngumu, haina pa kupanukia, na ndiyo maana maumivu ni makali hivyo.

Mwishowe nyama hiyo inakufa na maumivu yanaweza kuacha. Ugonjwa haujaisha. Vijidudu vinaendelea kushuka hadi kwenye mfupa wa taya, na usaha unakusanyika huko.

Antibiotiki haiwezi kumaliza tatizo hili peke yake. Dawa inasafirishwa na damu, na ndani ya jino lililokufa damu haipiti tena. Kuweka aspirini juu ya ufizi nako hakusaidii: kunaunguza nyama ya kinywa.

Munganga anafanya nini?

Kwanza anapiga picha ya jino ili kuona mizizi. Anachoma sindano ya ganzi, anatoboa jino kwa juu, na kwa visindano vyembamba anaondoa nyama iliyooza. Anaosha mifereji ya mizizi kwa dawa ya kuua vijidudu, kisha anaijaza na kuifunga. Jino la mbele kwa kawaida lina mfereji mmoja. Magego yana mitatu au minne, kwa hiyo kazi yake ni ndefu zaidi. Mgonjwa anaweza kurudi mara mbili au zaidi. Gego mara nyingi linahitaji kuvikwa kofia, la sivyo linaweza kupasuka.

Kung'oa ni rahisi zaidi kwa siku ile, lakini jino la mtu mzima halioti tena, na meno ya jirani yanaweza kuinama kuelekea pengo. Hata hivyo, jino lililovunjika vibaya hadi kwenye mzizi mara nyingi halina budi kutolewa.

Kabla ya kukubali, uliza bei yote kwa jumla: picha, ziara zote na kofia. Uliza vyombo vinasafishwa namna gani. Na katika mji uliozoea kukatiwa umeme, uliza kama kuna jenereta.

Usingoje

Ukiona uvimbe unaoshuka shingoni au chini ya ulimi, homa, shida ya kufungua kinywa, kumeza au kupumua, kimbia hospitali siku hiyo hiyo. Usaha wa jino unaweza kuziba njia ya hewa na kuua.

Shirika la Afya Duniani, OMS, lilikadiria mwaka 2022 kwamba watu karibu miliari 3.5 duniani wana magonjwa ya kinywa. Kinga yake ni ndogo: kupiga meno mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye fluori, kupunguza sukari, na kumwona munganga tundu likiwa bado dogo, wakati kuliziba tu kunatosha.