Mfupa Uipokeapo Titani

Barabara itokayo Mbeya kwenda Tukuyu na kuteremka hata Kyela hupita Kyimo, wilayani Rungwe, katikati ya migomba, na wakati wa masika, njia za pembeni ziwapo utelezi mtupu, si ajabu kusikia kuwa kijana wa bodaboda ameanguka akavunjika mguu, akakimbizwa hospitali ya Makandana, na jeraha likizidi akapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Naye arudipo na magongo, jirani huambizana kwamba "kawekewa vyuma", kana kwamba vyuma hivyo ndivyo vitakavyouunga mguu. Sivyo. Chuma hushikilia tu. Kazi ya kuunga ni ya mfupa wenyewe.

Tena si kila chuma kiwekwacho mfupani ni madini ya titani. Misumari ya kushikilia mifupa ya SIGN, shirika lililoasisiwa mwaka 1999 na daktari Mmarekani Lewis Zirkle, nayo hutumika hata katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ni ya chuma cha pua. Sifa ya titani ni nyingine, na ilidhihirika kwa sadfa: mwaka 1952 huko Lund, tabibu wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alitia vijumba vya titani katika miguu ya sungura ili atazame mwendo wa damu ndani ya uboho, na alipotaka kuvitoa akakuta mfupa umevikumbatia hata havitoki. Mwaka 1965 akamtilia mgonjwa wa kwanza mizizi ya meno ya madini hayo katika taya.

Siri imo katika utando wa oksidi, wenye unene wa sehemu chache tu za milioni za milimita, ambao titani hujivika yenyewe ikutanapo na hewa, hata mwili usiione kuwa adui. Damu huganda juu yake, seli zikafuata, ukajengeka mfupa laini katika majuma ya awali, kisha kwa miezi ukabomolewa na kujengwa upya ulio imara. Na uso uliokwaruzwa kidogo hushikwa vema kuliko uliosuguliwa ukang'aa.

Wa kwanza kuiharibu kazi hii aweza kuwa mpasuaji mwenyewe. Keekee butu, isiyopozwa kwa maji, huunguza: mfupa ukifikia joto la nyuzi 47 kwa dakika moja tu, seli zake hudhurika. Lakini baada ya hapo dhamana ni ya mgonjwa, na adui mkuu ni mtikisiko. Skrubu ikicheza zaidi ya takriban sehemu 15 za mia za milimita, kiasi ambacho jicho hukitambua kwa shida, mahali pa mfupa huota nyama ya nyuzinyuzi isiyoshika kitu, kama mche wa mgomba unaotikiswa na upepo kabla haujatoa mizizi. Ndiyo maana mwenye jino jipya la bandia huzuiliwa kutafunia upande ule kwa muda. Na mwenye paja lililounganishwa hapaswi kujikadiria siku ya kubeba mkungu wa ndizi kwenda gulioni, maadamu daktari ndiye ajuaye chuma gani kimewekwa na mzigo gani chaweza kuhimili.

Sigara nayo ni adui, kwani hubana mishipa midogo ya damu. Kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha ujenzi na kukaribisha usaha. Anayetumia dawa za kuimarisha mifupa iliyodhoofika sharti amwarifu daktari kabla ya kung'olewa jino au kutiwa la bandia. Kidonda kilicho wazi kisipakwe udongo wala majani, kwani vijidudu vikishaganda juu ya madini, dawa za kumeza huviondoa kwa taabu. Chakula cha kujenga mfupa si tatizo kubwa Rungwe, wilaya ya ng'ombe wa maziwa. Tatizo, kwa maoni yangu, ni maziwa yote kuuzwa na mgonjwa kubakiwa na ndizi tupu.

Picha za eksirei za baadaye wengi huzipuuza kwa kuwa maumivu yamekwisha, na nauli ya Mbeya si haba. Hata hivyo ndimo daktari atafutamo mstari mweusi baina ya mfupa na skrubu. Ukionekana na kupanuka kila picha, skrubu ile haikupokewa, na mara nyingi itabidi itolewe.