Ng'ambo ya Wembere ni kwetu pia

Basi likishamaliza kona za mlima Sekenke na kuiacha Shelui nyuma, mbele ni mbuga ya Wembere, na ng'ambo yake ni Igunga, mkoa wa Tabora. Abiria wengi hawatambui hata wametoka Singida saa ngapi. Upande huu na ule wapo Wanyiramba, Wasukuma na Wataturu, pamoja na wachimbaji waliofuata dhahabu kutoka kila pembe ya nchi. Dhahabu ya Sekenke ndiyo ambayo Wajerumani waliifulia sarafu za rupia 15 mjini Tabora mwaka 1916.

Watu wa huku si wapole kuliko wengine. Ng'ombe wakiingia kwenye mtama, ugomvi huwaka. Lakini ugomvi huo hubaki wa mtama na malisho, kwa sababu nchi iliamua mapema raia ni nani. Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yaliondolewa. Mtu wa mtemi akawa mtu wa jamhuri, na mkoa ukawa eneo la utawala, si boma la kabila.

Julai 1964, mjini Cairo, Mwalimu Nyerere aliupeleka msimamo huo mbele ya Afrika: nchi ziheshimu mipaka ziliyoikuta siku ya uhuru. Naye alikuwa na la kudai. Wamasai wamekatwa na mstari wa Kenya, Wamakonde na mto Ruvuma. Hakudai.

Somalia ilikataa. Taifa lile lilijengwa juu ya Usomali wenyewe: nyota ya bendera yake ina ncha tano, kila ncha ikiwa nchi wanamoishi Wasomali, mojawapo kaskazini-mashariki mwa Kenya. Tume ya Waingereza ya mwaka 1962 iliwakuta Wasomali wa huko wakitaka kujiunga na ndugu zao, lakini Kenya ilipata uhuru na eneo hilo likiwa ndani. Vita vya Shifta, vya Wasomali waliotaka kujitenga na Kenya, vikafuata, hadi mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967. Kwa Mogadishu, kuukubali mpaka kulikuwa kujikana. Kwa Nairobi, kuuachia kulikuwa kuwafungulia mlango wengine wote. Visima na malisho, vitu ambavyo wafugaji wangeweza kukaa wakagawana, vikamezwa na bendera mbili.

Naamini msimamo wa Cairo uliokoa maisha mengi. Lakini mfugaji wa Garissa au Wajir aliyeulizwa anataka nini, kisha jibu lake likawekwa kando, alidhulumiwa, na hilo lazima lisemwe.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa madiwani na halmashauri za vijiji vya pande zote mbili za Wembere. Mkikaa kupima mpaka wa kijiji, ulizeni maji yako wapi, mifugo inapita wapi, na nani analima wapi. Kabila la mtu msiliandike kwenye ramani.