Mafuta Yanayokula Hewa

Msomaji wetu mmoja wa Kamembe, katika wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, ambayo wengi wangali wakiiita Cyangugu, ametuletea swali ambalo sura yake ni ya useremala lakini kiini chake ni cha kemia: ngazi ya nyumba yake, vidato pamoja na mkono wake, ameikwangua vanishi kuukuu na kuipiga msasa hata mbao za umuyove zikarudia wekundu wake wa asili, na sasa ataka kujua kama yafaa kuipaka mawese, ambayo sokoni hayakosekani, badala ya mafuta ya kitani, ambayo ni ya kuagizia.

Umuyove unastahili kuulizwa habari zake kwa adabu namna hiyo, kwani ndio mti ule ambao wataalamu huuita Entandrophragma excelsum, na mmoja wao katika bonde la Kilimanjaro ulitangazwa mwaka 2016 kuwa na urefu wa mita 81.5, mrefu kuliko mti wowote wa asili ya Afrika uliowahi kupimwa barani humo. Habari ya msasa sitairefusha, maana fundi yeyote aijua: huanza na namba 80, ukapanda 120, ukamalizia 180, ukifuata nyuzi za mbao wala usizikate, na pua umeziba, kwa kuwa vumbi la mbao ngumu lina madhara. Niseme tu kwamba kabla ya karatasi za kiwandani, mafundi walisugulia majani ya mti uitwao msasa, ambayo ngozi yake imejaa vinywele vigumu vya silika, na jani hilo ukilipitisha juu ya ukucha utaona unga mweupe mara moja.

Nitakayo hasa kuyaeleza ni yale yanayotokea baada ya msasa kuwekwa kando. Maji yakikauka huondoka, lakini mafuta ya kitani yakikauka hayaondoki, bali huzidi uzito: pakaza tabaka nyembamba juu ya kipande cha kioo, ukipime kwa mizani nyeti, kisha ukipime tena baada ya siku chache, nawe utakikuta kizito kuliko kilivyokuwa, na ziada hiyo yote ni oksijeni iliyotwaliwa kutoka hewani.

Kila molekuli ya mafuta ya mimea ni gliseroli iliyobeba mikia mitatu ya asidi, na aghalabu kila mkia ni kaboni 18 zilizoandamana. Mkia ambao kaboni zake zote zimeshiba haidrojeni hauna mahali pa kushikwa. Katika kitani, lakini, takriban nusu ya mikia hiyo ni ya asidi ya linoleniki, yenye vifungo maradufu vitatu, na baina ya kifungo na kifungo pana kaboni moja ambayo haidrojeni zake zimeshikiliwa kwa ulegevu mno. Basi hapo ndipo penye mlango. Haidrojeni moja hung'oka, oksijeni ikakamata nafasi yake, ikazaliwa peroksidi, nayo ikanyang'anya haidrojeni ya jirani, na jirani, aliyebaki pungufu, akatafuta naye wa kushikana naye, na jambo likaendelea hivyo kwa kuambukizana, hata mikia ya molekuli hii ikafungamana na mikia ya molekuli ile. Wanakemia huliita jambo hili upolimishaji, nalo ni jina sahihi, ila mimi ningependa kuliita ufundikano, kwa kuwa kufundika ni kupiga fundo, na mafundo ndiyo yanayotokea.

Watazame wavuvi wa sambaza wa ziwa Kivu, watokao wakati wa magharibi kwa mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, na wavu wao umening'inia majini chini ya taa. Wavu huo, kabla haujasukwa, ulikuwa rundo la nyuzi, na ungevuta uzi mmoja ungekujia peke yake. Fundo la kwanza likafanya nyuzi mbili kuwa kitu kimoja, na macho yote yalipotimia, ukishika pembe moja umeushika wavu mzima. Ndivyo mafuta yalivyo: siku ya kwanza ni nyuzi mbalimbali na hutiririka, baadaye mafundo machache yakayafanya yanate, kisha macho hutimia, na kilichokuwa kimiminika hakiyeyuki tena. Na kama wavu upitishavyo maji na kuzuia samaki, utando huu huzuia tone la maji kwa muda ilhali hupitisha mvuke, ndiyo maana mbao huweza kuvimba wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi bila ya utando kubanduka. Lakini ukipaka mafuta mengi, mafundo ya juu hufungwa kwanza na kuizuia oksijeni isishuke, chini zikabaki nyuzi tupu, na mkono wa ngazi ukanata kwa majuma. Basi paka kidogo, ngoja robo saa, ufute yote yasiyonywewa.

Jibu la mawese sasa ni dhahiri. Takriban nusu ya mikia yake imeshiba, na mingi katika iliyobaki ina kifungo maradufu kimoja tu, hivyo ile kaboni ya katikati haipo. Yatabaki mafuta, yakashika vumbi na kuvunda. Nazi ni mbaya zaidi, ilhali alizeti hufundika kwa uvivu. Mabaharia wa pwani waliopaka majahazi yao sifa, yaani mafuta ya papa na samaki, walikuwa wameshika njia iliyo sawa, kwa kuwa mafuta ya samaki yana vifungo maradufu vingi.

Joto huharakisha kazi hii, kwa hiyo kopo lile lile litafundika upesi zaidi Bugarama, bondeni, kuliko Kamembe juu ya ziwa. Na makopo yanayouzwa kuwa mafuta yaliyopikwa aghalabu yametiwa chumvi za kobalti au manganizi, ambazo nazo huharakisha ufundikano.

Kila fundo hutoa joto. Juu ya mbao joto hilo hupotea hewani, lakini katika kitambaa cha kufutia kilichokunjamana halina pa kutokea, nalo hujikusanya mpaka kitambaa kikawaka bila ya kiberiti. Tarehe 23 Februari 1991, mjini Philadelphia, vitambaa vya namna hiyo vilivyoachwa na mafundi wa mbao kwenye ghorofa ya 22 ya jengo la One Meridian Plaza viliwasha moto uliowaua wazima moto watatu. Basi nakusihi, msomaji, ukimaliza ngazi yako usikitupe kitambaa pembeni: kikunjue ukianike uani, au kitumbukize katika ndoo ya maji, kabla hata hujanawa mikono.