Kushitaki na Kunung'unika: Lini Malalamiko Yanafaa, na Lini Yanaharibu Nyumba

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ali zake na sahaba zake.

Ndugu zangu Waislamu, lipo suala linaloletwa mara kwa mara katika darasa zetu: je, kulalamika ni dhambi? Mara nyingi anayeuliza si yule anayelalamika, bali ni yule aliyechoka kusikiliza. Mke anasema mumewe akirudi tu kazini huanza na bei ya mchele, akaja kwa bosi, akamalizia na watoto. Mume naye anasema mama watoto wake haipiti siku bila manung'uniko. Na pembeni yao yupo mwanamke aliyedhulumiwa kweli, na kila akifungua mdomo huambiwa, "Subiri mwanangu, ndoa ndivyo ilivyo." Watu hawa hawawezi kupewa jawabu moja.

Tuanze na Qur'ani. Sura ya 58, Al-Mujadala, inafunguliwa na malalamiko ya mwanamke. Bibi Khawla bint Tha'laba (R.A.) alikuwa mke wa Aws bin as-Samit. Siku moja mumewe alikasirika akamfananisha na mgongo wa mama yake, yaani dhihari, kiapo cha zama za ujahili. Kiapo kile kilimwacha mwanamke akining'inia: si mke, wala si mtalaka aliye huru. Bibi Khawla alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) akalieleza jambo lake, akajadiliana naye, wala hakuondoka. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba alikuwemo humo nyumbani na baadhi ya maneno hakuyasikia, lakini Mola aliyasikia kutoka juu ya mbingu. Ikateremshwa hukumu: dhihari ni neno ovu, na mume anayetaka kumrudia mkewe atoe kafara. Aache huru mtumwa. Asipopata, afunge miezi miwili mfululizo. Asipoweza, alishe masikini 60.

Mwenyezi Mungu hakumlaumu Bibi Khawla kwa kulalamika. Neno la Kiarabu lililotumika katika aya hiyo kwa kitendo chake, *tashtaki*, ni la asili moja na neno letu "kushitaki". Na mwenye kushitaki huwa na mambo matatu: anajua analipeleka kwa nani, analitaja jambo lenyewe waziwazi, na anajua anachokiomba. Ndiyo maana Imamu Nawawi, katika Riyadh as-Salihin, ametaja mambo sita ambayo kwayo inafaa kumtaja mtu kwa ubaya wake. Miongoni mwayo ni aliyedhulumiwa kupeleka shitaka kwa mwenye uwezo wa kumsaidia, na mwenye kutaka fatwa kumueleza mufti yaliyomfika.

Kunung'unika ni kitu kingine. Mwenye kunung'unika husema kwa yeyote aliye karibu, hutaja kila kitu, na haombi chochote. Ukimpa njia, ataikataa. Daktari wa nafsi wa Marekani, Eric Berne, aliieleza tabia hii katika kitabu chake cha mwaka 1964. Mtu analeta shida yake, wenziwe wanampa ushauri, na kila ushauri anaujibu kwa "ndiyo, lakini". "Mwambie bosi wako." Ndiyo, lakini hasikii. "Tafuta kazi nyengine." Ndiyo, lakini umri umekwenda. Berne aliona kwamba mtu huyu hakuja kutafuta ufumbuzi. Anachokipata ni kuhurumiwa, na kuthibitisha kwamba hakuna wa kumuweza. Likitatuka, atakuwa amepoteza kitu.

Hata hivyo tusikimbilie kumwita mvivu au mkosefu wa shukrani. Mwaka 1967 watafiti Martin Seligman na Steven Maier walichapisha majaribio waliyofanya kwa mbwa. Mbwa waliopigwa shoti za umeme wasizoweza kuziepuka, baadaye waliwekwa mahali ambapo kuruka kizuizi kifupi tu kungewaokoa. Wengi wao hawakuruka; walilala chini wakilia. Binadamu naye, akigonga milango mingi ikafungwa, anaweza kuacha kugonga hata ule ulio wazi. Manung'uniko yake huwa ndiyo sauti iliyobaki.

Na anayesikiliza naye asidhani kwamba kuongeza mafuta kwenye moto ni wema. Mwaka 2002 mtafiti Amanda Rose alichapisha utafiti kuhusu vijana wanaokaa pamoja na kuirudia shida ileile tena na tena. Aliona kuwa urafiki wao ni wa karibu zaidi, lakini dalili za huzuni na wasiwasi nazo ni nyingi zaidi. Baraza zetu za kahawa na mazungumzo ya ukumbini zinatuunganisha, na hiyo ni neema. Lakini tukikutana kila jioni kusema watu wameharibika na nchi imekwisha, tunaondoka wazito kuliko tulivyokuja. Mtume (S.A.W.), katika Hadithi aliyoipokea Muslim, ametahadharisha kuwa anayesema watu wameangamia, yeye ndiye aliyeangamia zaidi yao.

Basi tufanye nini majumbani mwetu?

Kwanza, muulize mwenzio: "Unataka nikusikilize tu, au tutafute njia?" Aliyefiwa au aliyechoka hataki mawaidha saa ile, anataka sikio. Nabii Yaaqub (A.S.) alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, akasema huzuni yake anaipeleka kwa Mwenyezi Mungu. Hilo halikuvunja subira yake. Lakini soma aya inayofuata, Surat Yusuf aya ya 87: papo hapo aliwaambia wanawe waende wakamtafute Yusuf na nduguye, wala wasikate tamaa.

Pili, ligeuze nung'uniko liwe shitaka. Ikiwa maji hayatoki mtaani, kaeni nyumba tatu au nne, andikeni siku zilizokosekana, mkamuone sheha, na mumwambie hasa mnachoomba. Dakika 20 zinatosha.

Tatu, kwa mwenye "ndiyo, lakini", usimmiminie ushauri. Muulize, "Wewe unaona tuanzie wapi?" Kisha mshike mkono kwa hatua ndogo. Wale mbwa wa majaribio walipona pale watafiti walipowavuta wenyewe kuwavusha kizuizi, mara nyingi, mpaka wakajua kwamba kuvuka kunawezekana. Mtu aliyekata tamaa humwambii tu "nenda ofisini", unakwenda naye.

Nne, aliyedhulumiwa asinyamazishwe kwa jina la subira. Mume asiyetoa matumizi au anayepiga, shitaka lake lina pa kwenda. Hind bint Utba (R.A.) alimshitakia Mtume (S.A.W.) kuwa Abu Sufyan ni bahili, na Mtume akamruhusu kuchukua katika mali yake kinachomtosha yeye na wanawe kwa wema. Surat An-Nisaa aya ya 35 imetuwekea wasuluhishi, mmoja kutoka kila upande. Isiposuluhika, ipo Mahkama ya Kadhi. Kumwambia mwenye haki "subiri" huku unaweza kumsaidia ni kumdhulumu mara ya pili.

Tano, ikiwa manung'uniko yamefuatana na kukosa usingizi, kutokula na kukata tamaa kwa wiki kadhaa, mpelekeni hospitali. Dua na tiba vinakwenda pamoja.

Ama jawabu ya suala letu: kupeleka malalamiko kwa Mola ni ibada, kuyapeleka kwa mwenye uwezo wa kuyaondoa ni haki, na kuyamwaga kila mahali bila ya kutaka yaondoke ni maradhi yanayohitaji kutibiwa kwa upole.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azitulize nyoyo zetu na azitengeneze nyumba zetu. Wabillahi tawfiq.