Betri za dunia na mbabula yetu



Wiki iliyopita tulikuwa tunasoma jiografia katika darasa la sita. Niliandika ubaoni kwamba Kongo inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani. Nikaeleza kwamba kobalti inaingia katika betri za simu na za magari ya umeme, na kwamba nchi nyingi zinataka magari hayo ili kupunguza moshi unaoharibu majira ya mvua. Mtoto mmoja akainua mkono: "Mwalimu, kama betri za dunia zinatoka kwetu, kwa nini jana nilifanya kazi ya nyumbani kwa mshumaa?"

Darasa lote lilicheka. Mimi sikucheka sana. Madaftari yao niliyasahihisha kwa mshumaa pia.

Swali la yule mtoto linatuhusu sisi wamama, maana Jumamosi tutaamua pesa ya likelemba yetu itafanya kazi gani mwaka huu. Wengine wanasema tuiweke katika "umeme safi", sababu ndiko dunia inakwenda. Ni neno zuri. Lakini tuulize kwanza: umeme safi gani, na faida yake inafika nyumba ya nani?

Faida kubwa iko wapi

Kila mtu wa Likasi anajua jina la Mwadingusha. Bwawa lile la mto Lufira, upande wa mashariki wa mji wetu, lilianza kutoa umeme mwaka 1930 kwa ajili ya viwanda vya shaba. Mitambo yake ilizeeka. Kampuni ya Ivanhoe Mines pamoja na Snel waliitengeneza upya, na mwaka 2021 mitambo yote sita ilikuwa imerudi kazini, na nguvu ya megawati 78. Kazi hiyo ilifanywa kwanza ili mgodi wa Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi, upate umeme. Tangu zamani, umeme wa mito yetu umetafutwa kwa ajili ya migodi kwanza, na mtaa unangoja.

Kobalti nayo haikai mahali pamoja. Mwaka 2022 bei yake ilipanda mpaka karibu dola 40 kwa ratili moja. Mwanzoni mwa 2025 ilikuwa imeshuka mpaka karibu dola 10, na mwezi wa pili serikali ikasimamisha kuiuza inje ya nchi. Tena viwanda vingi vya China sasa vinatengeneza betri za magari zisizo na kobalti hata kidogo. Basi anayekuambia kwamba kobalti itatulisha milele, mwambie apunguze sauti.

Hata hivyo tuko na haki yetu, na wamama wengi hawaijui. Sheria ya migodi ya mwaka 2018 inasema kwamba sehemu ya asilimia 15 ya kodi ya madini inayoitwa redevansi inakwenda kwa mji au sekta ambamo mgodi uko. Zaidi ya hiyo, kampuni inayochimba inapaswa kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaoishi karibu na mgodi: shule, maji, vituo vya afya, umeme. Pesa hiyo inasimamiwa na kamati yenye wajumbe wa wakaaji. Hapo kuna kiti ambacho mama anaweza kukaa, na kuomba kiti hakuhitaji franga hata moja.

Pesa iliyonipotea

Nitawaambia jambo ambalo nililificha. Mwaka jana mtu alinionyesha katika simu mpango wa kununua "hisa za umeme wa jua". Weka pesa leo, alisema, baada ya siku 30 itazaa mara mbili. Nilitoa pesa ya masomo ya mtoto wangu wa pili. Mara ya kwanza nilipewa faida kidogo, nikafurahi, nikaongeza. Kiisha namba ikafungwa. Mtoto alikaa nyumbani wiki tatu mpaka nilipokopa kwa dada yangu.

Mimi ni mwalimu, ninafundisha watoto hesabu, na sikuuliza swali dogo: pano hizo ziko wapi, na nani ananunua umeme wake? Pesa haizai mara mbili kwa mwezi mmoja bila kitu kuuzwa. Jumamosi, mtu akileta mpango wa namna hiyo, tumwombe atupeleke tukaone kwa macho.

Vitu vitatu vya mkono wetu

Cha kwanza ni mbabula. Mbabula yetu ya bati inatupa moto mwingi pembeni, hauingii katika sufuria. Wakenya walianza mwaka 1982 kutumia mbabula ya bati yenye udongo uliochomwa ndani, na leo iko katika nyumba nyingi mijini kwao. Udongo unashika moto. Nilimwomba fundi mmoja anitengenezee ya namna hiyo, nikapima kwa ndoo. Zamani ndoo moja ya makala ilinipikia bukari na sombe kwa siku mbili. Sasa inafika siku ya tatu. Maana yake, pale nilipokuwa ninanunua magunia matatu, ninanunua mawili. Gunia la tatu ni faida inayobaki katika mfuko wangu. Fundi wa bati tuko naye, udongo tuko nao, wanunuzi wako kila parseli. Lakini tukumbuke: mbabula hii pia inatoa hewa ya sumu. Msiilaze katika chumba kilichofungwa.

Cha pili ni miti. Makala yanatoka mbali zaidi kila mwaka, maana msitu wa miombo unarudi nyuma, ndiyo sababu bei inapanda. Huko Kivu ya Kaskazini, mradi wa EcoMakala wa shirika la WWF, ulioanza 2007, ulisaidia wakulima wadogo kupanda miti ya makala katika mashamba yao ili watu wasikate mbuga ya Virunga. Yule wa kwetu aliye na shamba nje ya mji anaweza kupanda miti inayokua upesi, na mihogo katikati miaka ya kwanza. Ni faida ya kungoja miaka, basi isiwe pesa ya likelemba yote.

Cha tatu ni pano ya jua kwa kuchaji simu za mtaa na kuwasha taa. Inafaa, lakini tupige hesabu. Pano ya wati 100, jua likiwaka vizuri saa tano, inatoa wati-saa 500 zaidi sana, na nyingine inapotea njiani. Taa ya wati 5 kwa saa nne inakula 20. Simu moja inakula karibu 15. Hiyo ni taa na simu nyingi. Kuhusu frigo ya kuuza maji baridi, tusijidanganye, pano moja haitoshi. Katika miezi ya mvua kutakuwa na siku za kukosa. Tena betri inakufa. Kila siku tuweke pembeni franga kidogo za kununua nyingine.

Mimi ninaomba tuanze na mbabula: ishirini kwanza, tuuze, tuhesabu. Faida yake ndiyo inunue pano. Na mama wawili kati yetu waende ofisi ya komuni kuuliza pesa ya asilimia 15 imefanya kazi gani.

Yule mtoto bado anangoja jibu. Nilimwambia nitalileta wiki ijayo. Njooni Jumamosi, kila mmoja na hesabu ya makala ya nyumba yake.